Kilichozikwa Penye Sukuma Wiki

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu huko kwao Bungoma, na mshereheshaji akanipa dakika mbili za kumzungumzia. Kwaya iliimba mpaka ikaishiwa na nyimbo, mwanasiasa ambaye hakuwahi kumwona marehemu hata siku moja akahutubia mpaka kivuli cha hema kikahama, lakini mimi niliyekaa naye tangu ujana hadi mvi nikaambiwa nifupishe, mvua inakuja. Basi nikafupisha. Nilisema alikuwa mtu wa bidii, alipenda kanisa, alinifundisha kupika mboga ya mrenda, nikaketi. Yote yalikuwa kweli. Lakini jambo lenyewe, lile lililonifanya nimlilie kuliko hata watoto aliowazaa, halisemwi kwa kipaza sauti mbele ya watu wanaosubiri chakula. Linahusu mwaka mmoja tu, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mwaka niliobeba mimba isiyokuwa na mtoto ndani yake. Mimba hiyo nusura iniue. Mama huyu alinisukuma karibu na kaburi kwa mkono mmoja, kisha akanivuta kwa ule mwingine, na ndiyo maana dakika mbili hazikunitosha.

Tuliishi mtaa wa Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba mkwe alikuwa fundi wa reli, na alipofariki nyumba ikabaki kwa mjane wake kwa zile njia ambazo watu wa Eastlands wanazijua na hawaziulizi. Ilikuwa ya mawe, chumba na jiko, kuta zimekula moshi wa makaa mpaka rangi yake ya kwanza haikujulikana tena. Mama Wafula, kama mtaa mzima ulivyomwita kwa jina la mwanawe aliyenioa, alilala humo peke yake. Kwa desturi aliyolelewa nayo, mwana aliyeoa halali chini ya paa moja na mamake, kwa hiyo Wafula alijenga chumba cha mabati nyuma, kikiegemea ukuta wa ile nyumba, na humo ndimo nilimoanzia ndoa. Mchana kilikuwa tanuri, asubuhi kilikuwa barafu. Desturi ilitimizwa kwa macho, lakini masikio hayakutimiziwa kitu: kila neno lililosemwa jikoni kwa mama lilipenya kwenye mabati likanifikia kitandani, nami nilijifunza tabia za watu wa nyumba ile kwa kuwasikiliza kabla sijazijua kwa kuwatazama. Mbele ya mlango wetu palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mkeka wa watu wawili. Mama alipanda sukuma wiki pale, akainywesha maji ya kuoshea vyombo.

Nilishika mimba mapema, na tangu mwanzo haikuwa mimba ya kistaarabu. Nilitapika maji, nikatapika nyongo, nikatapika harufu tu, kwa mfano ya mafuta ya mandazi kutoka nyumba ya tatu. Moyo ulinienda mbio nikiwa nimeketi. Mikono ilitetemeka hadi nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Na tumbo lilikimbia: mwezi wa nne lilikuwa limefika mahali ambapo la wenzangu hufika mwezi wa sita. Wanawake bombani walinitazama, wakatazamana, wakacheka, na Mama Wafula alibeba ndoo yake kichwani kwa maringo ambayo sikuwahi kumwona nayo. "Ni wawili," alisema jikoni, nami nikasikia. "Mimi mamangu alizaa mapacha. Tumbo la wawili nalijua likiwa bado njiani." Nilipomwambia kwamba sijahisi teke hata moja, alinijibu bila kuinua macho kwenye ungo wake kwamba mapacha hulala wamekumbatiana, hawana haja ya kupiga mtu mateke.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Shukri. Mumewe alifanya biashara ya mbuzi kwenye soko la Kiamaiko, na kila alipopata kichwa au mifupa mizuri, mkewe alichemsha supu na kutuletea bakuli, kwa sababu alimpenda Mama Wafula na aligombana naye kila siku. Siku moja alinikuta nimeinamia beseni. "Selina, macho yako siyapendi," akasema. "Mimi nimezaa sita, na hakuna hata mmoja aliyenifanya nikae hivi. Si uende upigwe picha ya tumbo? Siku hizi wanamwona mtoto hadi vidole."

"Mapacha hawachunguliwi," mama mkwe akajibu kutoka mlangoni. "Ukiwahesabu kabla hawajafika, mmoja anachukia, anarudi alikotoka."

"Wallahi, Mama Wafula, wewe na mambo yako."

"Ni yangu, ndiyo. Na mkwe ni wangu."

Nilimgeukia mume wangu jioni alipotoka kazini. Wafula alikuwa mtu mpole, na upole ni kitu kizuri kwa jirani; kwa mume, inategemea siku. "Mathe anajua hizi mambo," akaniambia, akinipapasa bega. "Wewe ngoja tu. Usimkasirishe." Nami nikangoja, kwa sababu nilikuwa mgeni katika nyumba ile na mgeni hafungui chungu cha wenyewe. Pia, niseme ukweli, nilipenda kuambiwa ni wawili. Mateso yale yalihitaji kuwa na maana, na watoto wawili walikuwa maana ya kutosha.

Damu ilianza kidogo kidogo, rangi ya chai iliyolala kwenye birika. Mama mkwe alisema ni tumbo linajipanga. Halafu ikaja Jumamosi moja, mchana wa jua kali, Wafula akiwa kazini na wanawake wengi wakiwa sokoni. Maumivu yalinishika kiunoni nikaanguka magoti, na damu ikaja kwa kishindo, si ya matone tena. Mama aliingia mbio na beseni, lile la bluu tulilooshea nguo, akanikalisha juu yake na kunishika mabega. "Usiangalie chini," akasema. "Niangalie mimi." Nikamwangalia. Kwa hiyo sikuona kilichotoka; nilichokiona ni uso wake alipokitazama. Huyu alikuwa mwanamke aliyechinja kuku huku akiimba tenzi za kanisani, lakini alishtuka mpaka kidevu kikamtetemeka. Akalifunika beseni kwa leso aliyojifunga kiunoni, akanilaza, akatoka nalo. Baada ya muda nikasikia jembe likigonga ardhi hatua chache kutoka kichwani pangu, upande wa pili wa bati, likichimba bila kupumzika. Nililala nikilisikiliza, na sikuuliza wala kulia, maana nguvu za yote mawili zilikuwa zimekwisha.

Alinipeleka kwenye kliniki moja ya mtaani ambayo siku hizi ni duka la nguo za mitumba. Mhudumu alikuwa na haraka. Akauliza kama mimba imetoka, mama akasema imetoka. Akauliza mliona nini. "Damu," mama akasema. "Mabonge ya damu." Akanibonyeza tumbo, akanipa vidonge, akasema kizazi kitajisafisha chenyewe na kwamba mimi ni kijana, nitapata mwingine. Tukirudi, tukipumzika kila baada ya hatua chache kando ya ua wa reli, mama mkwe alinieleza sheria yake mara moja tu. Kilichotoka amekirudisha ardhini, kama mamake alivyomfundisha. Hatutakitaja, wala kwa jirani wala kwa daktari wala kwa Wafula. "Wakinyamaziwa, wanarudi kwa mlango uleule," akasema. "Wakitajwa mbele ya watu, wanaufunga, na wanaenda na ufunguo." Aliyasema hayo kwa upole mkubwa kuliko wote niliowahi kuonyeshwa katika nyumba ile, nami niliyapokea kama mtu anayepewa blanketi.

Sasa ninajua mambo ambayo sikuyajua wakati ule, na kujua kwangu kuna hasira ndani yake ambayo haijaisha. Kipande kidogo tu cha kile kilichokuwa kwenye beseni, kikipelekwa maabara, kingeniokolea miezi ya mateso. Badala yake kililala chini ya sukuma wiki, mboga zikanawiri, na mimi nikanyauka. Siku hizi nikikutana na msichana ambaye tumbo lake linakimbia kuliko miezi yake, anayetapika kupita kiasi na kuona damu, sijali yeye ni wa nani wala mkwewe anaamini nini. Namwambia aende akapigwe picha leo, si kesho, na kama kuna kilichotoka akibebe aende nacho. Wengine huniona nina mdomo. Mdomo huu niliununua ghali.

Msiba wa mimba hauna matanga. Hakuna hema, hakuna mkesha, hakuna mtu anayeleta viti. Watu walipita mlangoni wakasema pole kwa sauti ya chini kama wanaoogopa kuniamsha, wakaenda zao. Mama mkwe alinipikia uji wa wimbi, akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe, akasimama juu yangu mpaka nimalize. Damu ilikoma, ikarudi, ikakoma, ikarudi. Kisha nikaanza kukohoa. Kwanza tukalaumu vumbi, halafu baridi ya mabati. Kikohozi kilipoleta makohozi yenye damu, Wafula alinipeleka nipimwe kifua kikuu. Wakasema hawaoni kitu, nirudi tena nipimwe upya. Nilipanda ngazi mbili nikahema kama mzee. Nilikuwa nimekonda, isipokuwa tumbo la chini lililokuwa na ugumu fulani ambao niliufahamu.

Ni mama aliyegundua kwamba sijaona siku zangu za kawaida, kwa kuwa ile damu ya ovyo haikuwa na kalenda. Akamtuma Wafula duka la dawa, akaja na kile kijiti cha kupimia mkojo. Mistari ilitokea miwili, upesi na yenye rangi kali, kama iliyokuwa imenisubiri. Sitasahau namna mama alivyokaa kwenye kigoda pale jikoni, akafunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. "Wamerudi," alisema. "Mungu ni mkubwa, wamerudi." Akachinja kuku siku hiyohiyo. Wafula alicheka kama mtoto, akanishika mkono juu ya meza mbele ya mamake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mimi nilikula mnofu mmoja, nikakohoa, nikatema damu kwenye karatasi, nikaikunja nikaificha kwenye mfuko wa sweta. Nilijua. Sikujua jina la kitu, lakini nilijua kwamba mwili wangu haukuwa unaandaa mtoto. Ulikuwa unaaga.

Aliyevunja ile furaha ni Mama Shukri. Aliingia na bakuli lake la supu, akanikuta nimeketi kitandani nikikohoa, na safari hii damu ilimwagika mbele yake, ikachafua shuka na kanzu yake. Aliweka bakuli chini. Alitoka hadi jikoni kwa mama, na kupitia mabati nikasikia kila neno.

"Mama Wafula, mimi nakuheshimu, Mungu ni shahidi. Lakini huyo msichana anakufa na wewe unampikia kuku."

"Ana mimba. Mimba ina mambo."

"Mimba gani inatoka kwa mapafu? Kama humpeleki, nampeleka mimi, na mtaa mzima utajua nani alimpeleka."

Kisha nikasikia mama akizima jiko kwa maji, mlio ule wa makaa yakifa, na nikajua tunakwenda.

Hospitali ilikuwa kubwa na wodi ilikuwa imejaa, vitanda vimekaribiana mpaka mgeni wa huyu aligusana magoti na mgeni wa yule. Walinipiga picha ya tumbo na picha ya kifua, wakachukua damu, wakachukua tena. Saa za kutembelea wagonjwa zilikuwa zimeanza na Wafula, mama na Mama Shukri walikuwa wamesimama kando yangu daktari alipokuja. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa raba zilizochakaa, na alizungumza nami mimi kwanza, si na mume wangu, jambo ambalo nililiona la ajabu. Aliniambia kwamba tumboni hakuna mtoto. Aliniambia kwamba damu yangu imejaa homoni ya mimba kupita kiasi cha mimba yoyote, na kwamba mapafuni kuna madoa ya mviringo. "Nafikiria ugonjwa mmoja unaotibika," akasema. "Lakini kuna magonjwa mengine yanayofanana nao na hayatibiwi kwa dawa hiyo. Siwezi kukata kipande kwenye mapafu nikakipime, utavuja damu na itatushinda. Kwa hivyo naomba mnisaidie. Ile mimba ya kwanza, ni nini hasa kilichotoka?"

"Sijui," nikasema. "Sikuangalia."

"Nani aliangalia?"

Sote tulimgeukia mama. Alikuwa ameshika pindo la leso yake, ameifunga fundo na kulifungua, akalifunga tena. Mwanamke wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Pazia halikuwepo la kuvutwa. Wafula akasema, "Mathe, sema tu. Kama kuna kitu uliona, sema." Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kuanzia kwenye paji la uso hadi kwenye mikono iliyobaki mifupa, kama mtu anayetazama kitu sokoni na kujiuliza kama ataweza kulipa bei yake. Halafu akamgeukia daktari, na akasema kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia.

"Hakukuwa na kichwa. Hakukuwa na mkono wala mguu. Vilikuwa vitu vya mviringo, vingi, vimeshikana kama zabibu, vina maji ndani. Beseni lilijaa. Nilimtafuta mtoto katikati yake kwa vidole vyangu hivi, sikumpata. Nikasema hawajaumbika bado. Nikavizika nyuma ya nyumba, penye sukuma wiki."

"Una hakika, mama? Kama zabibu?"

"Mimi ndiye niliyevishika."

Daktari alifumba macho kidogo, kisha akamshika mama mkono. "Asante," akasema. "Sasa najua. Tunaanza dawa leo." Mama alitoa mkono wake taratibu, akatoka nje ya wodi, na hakurudi mpaka kengele ya wageni ilipolia. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nilidhani ni aibu, na nikiwa nimelala pale nilimwonea uchungu na hasira kwa wakati mmoja. Miezi yote ile alikuwa akijua.

Inaitwa mimba zabibu, na ni nadra. Daktari alisema wapo wakunga wanaostaafu bila kuiona. Alikuja kuketi kando ya kitanda changu siku iliyofuata, akanieleza kwa subira, na maelezo yake nimeyahifadhi kwa sababu ndiyo yaliyonirudishia akili. Kuna wakati yai la mwanamke linakuwa tupu, halina urithi wowote wa mama. Mbegu ya mwanamume inaingia humo na kujaribu kuanzisha maisha peke yake. Mtoto haumbiki. Kinachokua ni kondo la nyuma tu, kondo lisilo na wa kumlisha, nalo linavimba na kuzaa vifuko vya maji, na mwili unadanganyika kabisa: unatapika, unapanuka, kipimo kinasema ndiyo. Kizazi kikisafishwa vizuri na damu ikafuatiliwa, wengi hupona hapo. Lakini mabaki yakiachwa, wakati mwingine hugeuka saratani na kusafiri hadi mapafuni. "Si kosa lako," akasema, "wala hukurogwa, wala si chakula ulichokula." Nikamuuliza kama wale wawili waliwahi kuwepo, hata kwa siku moja. "Hapana," akasema. "Hakukuwa na mtu." Nililia kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi. Nilikuwa nimewaomboleza watu ambao hawakuwahi kuwa, na sikujua nifanye nini na majonzi yale. Hayakuwa na pa kwenda, na mpaka leo sidhani kwamba yamekwenda.

Sindano za ile dawa zilinichoma mdomo. Vidonda vilijaa kwenye ulimi na ufizi hadi mate yenyewe yakawa adhabu. Mama mkwe alikuja kila siku kwa miguu na uji aliouchuja kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama maziwa, akanipa kwa kijiko cha chai, na kila nilipokunja uso yeye alikunja wake. Hatukuzungumza juu ya beseni. Madoa yalififia, kikohozi kikakauka, nikarudi Makongeni na sharti moja: niwe nikipimwa damu, na nisishike mimba kwa mwaka mzima, maana homoni ya mimba mpya ingeficha ugonjwa kama ungerudi, nao ukirudi gizani utaniua. Wafula alisikia sharti hilo kwa masikio yake. Aliitikia kwa kichwa, mpole kama kawaida.

Ami zake walikuja kutoka Bungoma kabla ya mwaka huo kuisha. Waliketi kwa mama, wakanywa chai, nami nikiwa nimelala upande wangu wa bati nikasikiliza wakinijadili kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Mmoja akasema mwanamke anayezaa zabibu ni wa kuangaliwa vizuri. Mwingine akasema mti wa kivuli ni mzuri lakini mtu hali kivuli. Wafula aoe wa pili, au huyu aache kumeza vidonge vya hospitali vya kuzuia mimba na kujaribu kama wanawake wengine, kwani mwaka wa kungoja umeandikwa wapi. Nilingoja mume wangu aseme neno. Nilimsikia akivuta chai kwa mdomo, funda baada ya funda. Aliyezungumza ni mama. "Huyu msichana akishika mimba mwaka huu atakufa," akasema. "Daktari alisema na mimi nilikuwepo. Anayetaka kumtoa hapa, aanze na mimi. Na chai imeisha." Waliondoka bila kupewa chakula, tusi ambalo linakumbukwa kwao mpaka leo, kwenye mazishi kuna aliyenikumbusha.

Vipimo vilitoka safi, kimoja baada ya kingine, mpaka daktari akasema nimepona na tunaweza kujaribu. Tulijaribu. Daktari alituambia kwamba wengi waliopitia ugonjwa huu huzaa baadaye bila taabu, nami naamini, nimewaona na watoto wao mgongoni. Mimi sikuzaa. Kizazi kilikuwa kizima, kila aliyenipima alisema hivyo, na hakuna aliyejua ni kwa nini. Baada ya miaka kadhaa Wafula alipata kazi Eldoret, akapata na mke huko, kisha watoto, na safari zake za Makongeni zikawa za Pasaka tu, halafu zikakoma. Mimi nilibaki. Nilihama kutoka kwenye mabati nikaingia nyumba ya mawe, na wanawake wawili wasio na damu moja wakazeeka humo, wakigombania chumvi. Katika miaka yote hiyo mama hakuniuliza hata mara moja juu ya mtoto. Majirani waliuliza, wachungaji waliuliza. Yeye hapana, na nilidhani ni ukarimu.

Wiki zake za mwisho alilala kitanda cha karibu na dirisha. Alasiri moja nilikuwa nimeketi kando yake nikichambua kunde, nikidhani amesinzia, akaniita.

"Selina."

"Naam, mama."

"Siku ile wodini. Daktari aliponiuliza." Akatafuta pumzi. "Nilijua nikisema hawarudi. Watu walikuwa wengi pale. Nilijua nakufungia mlango. Nikakuangalia vile ulikuwa umelala, nikasema basi, wafunge."

Niliacha kunde. Nikaanza kumwambia yale niliyokuwa nimemwambia mara nyingi, juu ya yai tupu na kondo, kwamba hakukuwa na mtu wa kufunga mlango wowote.

"Hayo nimeyasikia," akasema. "Ni ya daktari, labda ni kweli. Mimi nakwambia kitu nilijua siku hiyo."

Ndipo nilipoelewa yale macho yaliyovimba. Katika imani yake, ambayo ilikuwa nzima kama imani yangu kwa sindano, alikuwa na wajukuu mkono mmoja na mimi mkono wa pili, mimi, msichana aliyemfahamu kwa muda mfupi tu, na akawaachilia wao. Kisha akaishi nami miaka yote hiyo akiutazama mlango usiofunguka, akiamini kwamba ni yeye aliyeufunga, akinichujia uji, akifukuza ami, bila kuniambia. Nililia bila kuficha uso, na sikujali nani anapita dirishani.

"Ulijuta, mama?" nikamuuliza.

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kumpoza mtu kwa uongo, hata pale.

"Kila Krismasi," akasema. "Watoto wa watu wakija kuomba chapati, najuta. Halafu nakuona wewe ndiye umesimama hapo mlangoni unawapa."